Mwalimu Mgeni Mwisho wa Reli

Napokea ujumbe mara kwa mara kutoka kwa walimu wenzangu wa Kenya na Uganda wanaofikiria kuja kufundisha Kiingereza upande huu wa Ziwa Tanganyika. Wengi huuliza kuhusu tangazo: walibandike wapi, waandike nini, waweke picha au wasiweke. Huwa nawajibu kwa swali: unajua mtoto wa darasa la saba Kigoma anamaliza mtihani mwezi gani? Asiyejua hilo, hata akibandika karatasi kwenye kila nguzo ya umeme kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, atapigiwa simu nyingi na wanafunzi hatawaona.

Mimi nilikuja Kigoma mume wangu alipohamishiwa huku kikazi. Kwetu, magharibi mwa Kenya, nilikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na kukaa nyumbani bila darasa kuliniumiza sana. Nikatengeneza tangazo zuri, nikaliacha kwenye maduka ya vifaa vya shule Mtaa wa Lumumba na kwenye mbao za matangazo sokoni Mwanga. Simu zilipigwa. Waliopiga waliuliza bei, kisha wakauliza nakaa kwa nani. Nikijibu kwamba nimepanga Katubuka na sina ndugu hapa, mtu anasema, "Haya mwalimu, nitakupigia," na hapigi.

Ukikaa Kigoma utawaelewa. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, na tangu hapo mji haujawahi kukosa wageni. Wanashuka kwenye treni ya Dar es Salaam, wanashuka kwenye mabasi, wanashuka kwenye maboti ya Kongo na Burundi. Watu wamewazoea, na wamezoea pia kuwaona wakiondoka bila kuaga. Mzazi wa hapa hakikatai Kiingereza chako. Anasubiri mtu anayemjua yeye aseme kwamba na wewe anakujua.

Kwangu mtu huyo alikuwa jirani, fundi cherehani. Nilizoea kupita kwake, na polepole nikazoea kusimama. Kwetu mtu akifika mahali hueleza moja kwa moja kilichomleta. Hapa unamwamkia mkubwa shikamoo, unaulizia nyumbani, watoto, kazi, halafu ndipo shida yako inapata nafasi. Mwanzoni niliona ni muda mwingi, lakini sasa ndiyo sehemu ya siku ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu habari zote za mtaa hupita hapo, pamoja na za mtoto gani ameshindwa nini shuleni. Siku moja fundi aliweka kitambaa pembeni akaniambia, "Dada, wewe usiwatafute watoto. Mtafute mzee wa tuisheni."

Mzee huyo ni mwalimu mstaafu. Nyuma ya nyumba yake ana banda la mabati lenye mabenchi ya mbao na ubao mweusi, na kituo chake kimesajiliwa. Alikuwa anafundisha Hisabati na Sayansi. Wa Kiingereza hakuwa naye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa na fundi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi kaa. Kabla ya Kiingereza tuongelee kibali."

Nawaomba sana wanaotaka kuja walisikie hili. Sisi wa Afrika Mashariki tunavuka mipaka kirahisi, na urahisi huo huwafanya wengine wadhani kwamba kufundisha watoto wawili watatu sebuleni ni jambo la mtu na jirani yake. Tanzania kibali cha kukaa hutolewa na Uhamiaji, na kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi. Kuwa na kimoja si kuwa na kingine, na kupokea ada kutoka kwa wazazi ni kazi. Kigoma ni mkoa wa mpakani. Suala la nani ni nani huulizwa kila siku, na huulizwa kwa uzito. Mzee alisema kituo chake ndicho kitakachoniombea, na mpaka majibu yatoke nisiguse chaki. Nilikubali. Kwa muda wote wa kusubiri nilikaa benchi la nyuma nikimsikiliza akifundisha, na ninaamini muda ule ulinifaa kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria. Nilijua watoto wanacheka wakati gani, wanaelewa mifano ipi, na Kiswahili gani cha darasani wanakitumia ambacho mimi wa Kenya sikuwa nacho.

Sasa nirudi kwenye ile kalenda. Darasa la saba hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwezi Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo mtoto yuko nyumbani, na kuna jambo kubwa linamsubiri mbele: shule za msingi za serikali karibu zote hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari karibu kila somo, ukitoa Kiswahili chenyewe, ni Kiingereza. Mwalimu aliyekulia Kenya hawezi kulihisi pengo hili mpaka alione, maana sisi tulianza kufundishwa kwa Kiingereza tukiwa bado wadogo. Mtoto wa hapa anavuka kwa likizo moja. Ndiyo maana kuanzia mwishoni mwa Septemba Tanzania nzima kuna madarasa ya prefomu wani, yaani ya kumwandaa mtoto kuingia kidato cha kwanza, na mzazi ambaye mwaka mzima hakuwa na habari na tuisheni huanza kuulizia. Kibali changu kilitoka kabla ya msimu huo, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Mwaka ule wa kwanza alikuja msichana kutoka Bangwe ambaye sitamsahau. Mzee alimpa kitabu cha Bailojia cha kidato cha kwanza asome kwa sauti. Alisoma vizuri, neno baada ya neno, bila kukwama sana. Nikamwuliza kilichosemwa hapo ni nini. Akanyamaza, akaangalia kitabu, akanyamaza tena. Nikamwambia afunge kitabu, aniambie kwa Kiswahili mmea unapataje chakula chake. Alisimama, akakunja mikono nyuma kama walivyofundishwa shule ya msingi, akanieleza usanisinuru wote: jua, maji kutoka kwenye mizizi, kabonidayoksaidi inayoingia kwenye majani, kazi ya umbijani, ile rangi ya kijani ya majani. Hakuruka kitu. Alikuwa anajua somo lile kuliko sentensi zile za kitabu.

Nikachukua chaki nikaandika maelezo yake ubaoni, kwa maneno yake na kwa mpangilio wake, nikiacha nafasi chini ya kila mstari. Kisha tukaanza kujaza Kiingereza kwenye zile nafasi, sentensi fupi fupi, yeye akiwa ndiye mwenye habari na mimi nikimpa njia ya kuisema. Siku iliyofuata tulifuta Kiswahili tukabaki na Kiingereza chake. Wiki chache baadaye, jioni, alimsimamisha baba yake uani akamwonyesha mpapai na kumweleza kwa Kiingereza unavyojilisha. Baba yake hajui Kiingereza. Lakini alimwona mtoto hasiti, haangalii juu kutafuta neno, anaonyesha jani huku anasema. Majirani waliokuwa wanaota moto walisikia. Kesho yake baba mmoja alikuja bandani na kijana wake, hakuuliza bei, aliuliza, "Ni wewe uliyemfundisha yule wa mpapai?"

Tangu siku ile nilijua wanafunzi wangu watatoka wapi. Nilianza kumpa kila mtoto, mwisho wa juma, kitu cha kwenda kumweleza mtu nyumbani kwa sauti: jinsi ya kuchemsha maji, jinsi mtumbwi unavyoelea, kwa nini tunanawa mikono. Mazoezi ya kuandika niliyapunguza. Wako walimu watakaosema mtihani ni wa kuandika, na wana haki. Mimi naona mtoto aliyekwishasimama mbele ya bibi yake akasema jambo kwa Kiingereza mpaka mwisho, kalamu haimtishi tena. Na mzazi anayesikia kitu kwa masikio yake huwa msemaji wako sokoni bila kuombwa.

Januari shule zenyewe hutenga wiki za mwanzo za kidato cha kwanza kuwaingiza watoto kwenye Kiingereza, na wanafunzi wetu wengi hupunguza kuja. Hapo mwalimu mgeni hukata tamaa akidhani kazi imekwisha. Asubiri. Ukifika Machi, masomo yameshakuwa mengi, wanarudi wenyewe, na wanakuja na wenzao. Wanaomaliza kidato cha nne Novemba nao wana muda mrefu wa kusubiri, matokeo mpaka Januari na kidato cha tano mpaka Julai. Hao hawataki kusikia tena habari za sarufi. Wanataka kuzungumza. Baadhi wana ndoto ya kupata kazi kwenye mashirika yanayohudumia wakimbizi mkoani hapa, ambako usaili hufanywa kwa Kiingereza. Wengine wanataka kuongoza wageni wanaopanda maboti kwenda Gombe kuona sokwe. Kwa hao nilikuwa nakaa upande wa pili wa meza kama bosi, tunafanya usaili mpaka jasho linawatoka.

Kuhusu ada, nilikuja na mazoea ya kulipwa mwisho wa mwezi. Mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi ndiye aliyenielimisha. Alimleta mwanawe, akasikiliza bei, akasema, "Mwalimu, hela yangu haina tarehe. Ina giza na mbalamwezi." Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza, taa huwavuta samaki na wavuvi hurudi asubuhi na mzigo. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa taa hauna nguvu mbele yake, na mitumbwi hukaa ufukweni siku kadhaa. Kwa hiyo wanaonunua, wanaoanika, wanaobeba na wanaouza chai ufukweni, wote wana majuma ya hela na majuma ya kungoja. Nilienda kumtembelea kwake asubuhi moja wakati wa giza. Dagaa walikuwa wametandazwa kwenye chanja, wanang'aa, na yeye anawageuza kwa mkono huku jicho likiwa kwenye mawingu, kwa sababu mvua ikiwakuta hajauza ni hasara. Alinilipa pale pale, ada ya majuma yaliyopita na ya mbele kidogo, akaniambia niandike kwenye daftari na yeye aone.

Kuanzia hapo watoto wa Kibirizi walilipa kwa mwezi wa angani. Wakati wa giza wanalipa, wakati wa mbalamwezi wanasoma bila kuulizwa. Sijawahi kudhulumiwa. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, mzee na mimi tulikaa chini tukaamua hakuna mtoto wa mvuvi atakayeambiwa abaki nyumbani. Kina mama wengine walituletea mawese kwenye chupa, wengine muhogo. Wengine hawakuleta kitu, na ziwa lilipofunguliwa walikuja kulipa mmoja mmoja, taratibu. Mapato yangu yalishuka miezi ile, sitaficha. Lakini msimu wa prefomu wani uliofuata, Kibirizi ilijaza mabenchi kuliko mtaa wowote.

Kundi ambalo sikulitarajia kabisa ni wafanyabiashara kutoka Kongo. Wanaongea Kiswahili chao, wanaongea Kifaransa, na wanaishi nusu Kigoma nusu Kalemie au Uvira. Wa kwanza alinifuata bandani amevaa vizuri, akakaa kwenye benchi la watoto bila kinyongo.

"Mwalimu, miye niko nataka Kiingereza ya kuongea na ya karatasi. Hapana ya mitihani."

Nilimwuliza ya karatasi gani. Akatoa simu. Kulikuwa na ujumbe wa muuzaji wa China, orodha za mizigo, na picha za hati za kontena lililokuwa njiani kutoka bandari ya Dar es Salaam. Kwa muda mrefu alikuwa anamlipa kijana amsomee, na kijana akiwa hayupo, biashara inasimama. Pia alikuwa na wateja Mpulungu, upande wa Zambia, ambako Kiingereza ndiyo lugha ya ofisi. Basi kitabu chetu kikawa ile simu yake. Somo la kwanza lilikuwa tarehe, vipimo na idadi. La pili, jinsi ya kuuliza mzigo umefika wapi bila kumkasirisha mtu. La tatu, jinsi ya kukataa bei kwa heshima, na hilo alilipenda mno, akalirudia mbele ya kioo cha duka lake mpaka wauzaji wake wakalijua na wao.

Wanafunzi wa namna hii huwezi kuwapangia ratiba. Boti likiondoka, wameondoka. Nilijifunza kumfundisha mtu masomo mawili kwa siku akiwepo, na kumtumia sauti kwenye simu akiwa ng'ambo ili ajibu kwa sauti yake. Hulipa kwa kipindi, hapo hapo, na hulipa vizuri kuliko mtoto wa tuisheni. Fedha yao ndiyo iliyoniwezesha kuwachukua watoto wasio na kitu. Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, yule wa kwanza alinipigia kutoka Kalemie kuniambia sasa karatasi zitaongezeka, nimtafutie nafasi shemeji yake.

Magrupu ya WhatsApp ya wazazi nimeingizwa mengi, na yananisaidia kutangaza siku darasa linapoanza, basi. Vyeti vyangu nilivitia kwenye bahasha nzuri. Ofisini viliulizwa, lakini mzazi mmoja mmoja hakuwahi kuviuliza.

Jambo ninalotaka kulisema kwa nguvu ni hili la sifa ya Mkenya. Mzazi anakuja anasema mbele ya watu, "Huyu ni wa Kenya, Kiingereza kiko kwenye damu, sio hawa wa kwetu." Ni sifa inayofungua milango, na walimu wengi wageni huitumia. Mimi siipokei. Mwalimu wa sekondari ya kata hapa ana darasa limejaa hadi mlangoni, watoto waliosoma kwa lugha nyingine miaka yote ya msingi, na bado kila mwaka anatoa vijana wanaokwenda kidato cha tano na vyuoni. Mimi nina banda na watoto wachache, namgeukia mmoja mmoja. Kunilinganisha naye ni kumwonea. Mzazi akiniambia hivyo, humjibu kwamba ningependa kumjua mwalimu wa mwanawe, na kweli nilienda kuwasalimu, shule moja baada ya nyingine, nikiulizia wanafundisha mada gani mwezi ule ili nisiwachanganye watoto. Wengine walinitazama kwa mashaka mwanzoni, na nisingewalaumu. Baadaye walimu hao hao walianza kuwaelekeza kwangu watoto waliokuwa wanabaki nyuma. Mmoja hunitumia ujumbe kabisa: huyu anaelewa Hesabu, lugha ndiyo inamzuia, mwangalie. Hakuna tangazo linaloweza kumleta mtoto akiwa na maelezo kama hayo.

Sasa wanafunzi wanaokuja ni wengi kuliko nafasi, na hiyo ni kazi nyingine. Kituo kimemchukua binti aliyemaliza kidato cha sita, mzaliwa wa Ujiji, ambaye alianza na sisi akiwa prefomu wani. Anafundisha darasa la Kibirizi ili watoto wa kule wasipande mpaka Mwanga jioni, na amekataa kuanza na kitabu. Anaanza na wanachokijua, anaandika Kiswahili chao ubaoni, anaacha nafasi. Wazazi wapya wanaonipigia kutoka upande huo nawapa namba yake. Wiki iliyopita mmoja aliniuliza binti huyo anakaa kwa nani, nikamtajia nyumba ya bibi yake, akasema, "Ah, kumbe mjukuu wa yule bibi! Basi kesho namleta."